Mtumwa wa Meno na masomo ya jumla: tuchungue chuo cha Annapolis

Mwanafunzi wa seminari kubwa akimaliza filozofia, mara nyingi hufunga madaftari yake katika sanduku, kisha hufungua madaftari mapya ya teolojia. Aristoteli abaki sandukuni, Mtakatifu Paulo awekwa mezani. Wawili hao hawasalimiani tena. Akiisha kuwa padri, atahubiri juu ya roho ya mtu pasipo kukumbuka kwamba zamani alipita mtihani mzima juu ya roho ya mtu. Hilo si kosa la kichwa chake. Alifundishwa kila somo kwa saa yake, kwa mwalimu wake, na kwa mtihani wake. Hakuna aliyemwonyesha mlango kati ya chumba na chumba.

Ugonjwa huo si wetu peke yetu. Wamarekani wameujua kwa zaidi ya miaka mia, wamejaribu dawa nyingi, na mabishano yao hayajaisha hata leo. Katika makala hii twataka kuchungua dawa moja, iliyo kali kuliko zote: ile ya chuo cha St. John's, mjini Annapolis, katika jimbo la Maryland. Tutaisifu pahali inapostahili sifa, tutailaumu pahali inapostahili lawama. Mwisho tutauliza kama ina neno la kutufaa sisi.

I. Dawa tatu

Kwanza tufahamu maneno. Huko Marekani koleji si kolezi ya sekondari kama kwetu. Ni chuo cha miaka 4 nyuma ya sekondari, na mwenye kukimaliza hupata shahada yake ya kwanza. Vingi kati ya vyuo hivyo havimtayarishi kijana kwa kazi moja, kama uganga ao sheria. Vyataka kwanza kumzoeza kusoma, kupima na kusema kama mtu huru. Ndiyo sababu vinajiita vyuo vya sanaa huru, kwa jina la kale tunalolijua kwa Kilatini: sarufi, usemi, lojika, hesabu, jeometria, muziki na elimu ya nyota.

Lakini katika karne ya 19 elimu zilizidi kuwa nyingi, na hakuna kijana aliyeweza kuzibeba zote. Wafanye nini? Charles W. Eliot, mkubwa wa Harvard tangu 1869 hata 1909, alijibu: masomo yawe kama soko, kila kijana achague apendacho. Hii ndiyo dawa ya kwanza. Faida yake ni uhuru. Hasara yake ni kwamba vijana wawili waliweza kutoka katika chuo kimoja, wenye diploma moja, pasipo kuwa wamesoma kitabu kimoja pamoja.

A. Lawrence Lowell, aliyemfuata Eliot, aliweka dawa ya pili: kijana achimbe somo moja kwa bidii, tena aonje kidogo masomo ya pande nyingine. Vyuo vingi vya Marekani vinaifuata njia hiyo mpaka leo. Ni njia ya busara, lakini kuonja si kula. Kijana wa fizika anayetimiza sheria kwa kusikiliza saa chache za muziki hajaunganisha fizika na muziki. Ameviweka tu katika mfuko mmoja.

Dawa ya tatu ni somo moja la lazima kwa wote. Chuo cha Columbia, mjini New York, kilianza hivyo mwaka 1919, mara nyuma ya vita kuu ya kwanza. Wakati wa vita walikuwa wamefundisha vijana sababu za vita. Vita vilipokwisha wakaona yafaa zaidi kuwafundisha mambo ya amani. Basi kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipaswa kusoma juu ya ustaarabu wa siku zake: mali, serikali, mawazo, historia, vyote pamoja. Mwaka 1937 waliongeza somo la vitabu vikubwa vya kale. Harvard nayo, mwaka 1945, ilitoa kitabu kizima juu ya masomo ya jumla katika inchi huru.

Tangu hapo vyuo vingi vimetunga masomo yanayochanganya elimu mbili ao tatu. Tusiyadharau, lakini tuseme wazi hatari yake. Mara nyingi masomo hayo hufanyika hivi: siku moja huja mwalimu wa historia, siku ya pili mwalimu wa biolojia, siku ya tatu mwalimu wa filozofia. Kila mmoja asema neno lake, afunga kitabu, aenda zake. Mwanafunzi peke yake ndiye aliyewasikia wote watatu. Waalimu wenyewe hawakusikilizana hata siku moja. Twamwomba mtoto aunganishe kile ambacho wazee wake hawakuthubutu kukiunganisha.

II. Chuo pasipo idara

Chuo cha St. John's kiliona hatari hiyo, kikakata mti hata shina.

Ni chuo cha zamani. Shule iliyokitangulia ilianzishwa mwaka 1696, na chuo chenyewe kilipata hati yake mwaka 1784. Lakini kati ya miaka ya 1930 kilikuwa karibu kufa, kwa sababu ya madeni na kwa sababu kilipoteza kibali chake mbele ya vyuo vingine. Mwaka 1937 waliitwa watu wawili: Stringfellow Barr awe mkubwa wa chuo, Scott Buchanan awe dekano. Mgonjwa aliye karibu kufa hukubali dawa ambayo mwenye afya angeikataa. Chuo kikawaacha wafanye kazi yao.

Walifuta idara zote. Walifuta na uchaguzi wa masomo, isipokuwa sehemu ndogo katika miaka ya mwisho. Wote husoma yote: Kigriki miaka 2, kisha Kifransa miaka 2, hesabu miaka 4, kuanzia Euclides na kupita kwa Ptolemeo, Descartes na Newton, hata kumfikia Einstein, laboratwari miaka 3, muziki nao. Juu ya hayo, mara mbili kwa juma, wakati wa jioni, wanafunzi karibu 20 huketi kuzunguka meza moja pamoja na waalimu wawili. Mbele yao kuna kitabu kimoja, na wote wamekwisha kukisoma. Huanza na Homero katika mwaka wa kwanza. Katika mwaka wa pili wanapita kwa Maandiko Matakatifu, Agostino, Toma wa Akwino na Dante, na hivyo hivyo wanaendelea mpaka siku zetu. Mwalimu mmoja auliza swali moja tu, na mazungumzo yaanza. Hakuna hotuba. Hakuna kitabu cha kueleza kitabu.

Chuo kimebaki katika njia hiyo mpaka leo. Wanawake walipokewa mwaka 1951. Mwaka 1964 kilifungua nyumba ya pili mjini Santa Fe, katika jimbo la New Mexico, yenye masomo yale yale.

Lakini sheria yenye nguvu kuliko zote yawahusu waalimu kuliko wanafunzi. Katika St. John's hakuna profesa wa hesabu wala profesa wa Kigriki. Wote wana jina moja, nalo lina maana ya msaidizi ao mwongozi, na kila mmoja atazamiwa kufundisha masomo yote ya chuo, kidogo kidogo, kwa miaka. Mtu aliyekuja na udoktari katika kemia ataketi siku moja mbele ya vitenzi vya Kigriki, na wanafunzi watamwona akitafuta neno katika kamusi kama wao. Aliyekuja na udoktari katika Kilatini atashika waya na betri katika laboratwari.

Mwisho wa muhula, hasa katika miaka ya kwanza, waalimu wote wa mwanafunzi huketi pamoja na kuzungumza juu yake, yeye mwenyewe akiwa mbele yao: namna gani asoma, pahali gani anyamaza, pahali gani asema mengi mno. Kisha yeye apewa nafasi ya kujibu. Katika shule nyingi mwanafunzi mmoja ana waalimu saba, na kila mmoja amjua kwa sehemu ya saba. Hapo Annapolis hutazamwa kama mtu mzima.

III. Mraba wa Meno

Tusisifu kwa maneno matupu. Tutwae kitabu kimoja kati ya vile vinavyosomwa katika mwaka wa kwanza, tuone kazi yenyewe. Kitabu hicho ni Meno, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato. Wanafunzi hukizungumza mezani wakati wa jioni, tena hukitafsiri kutoka Kigriki katika kalasi ya lugha.

Meno, kijana tajiri wa Tesalia, amwuliza Sokrate kama aretê yaweza kufundishwa. Neno hilo tu latosha kushughulisha kalasi juma zima. Tulitafsiri namna gani? Tukisema “wema”, twaona kwamba Wagriki walilitumia hata juu ya farasi na kisu, nasi hatusemi kisu chema kwa maana ya tabia. Tukisema “ubora”, twapoteza moyo wa mtu. Tukisema “fadhila”, kama katika vitabu vyetu vya dini, twalitia Meno mdomoni neno ambalo Wakristo wamelitumia kwa karne nyingi juu ya mambo asiyoyajua. Mwanafunzi anayepigana na neno hilo afanya sarufi, na filozofia, na historia ya mawazo, pasipo mtu kumwambia: sasa tunaanza somo la kuunganisha elimu. Neno lenyewe lamlazimisha.

Mazungumzo yaendelea, Meno ashindwa, akasirika, tena auliza: mtu awezaje kutafuta kitu asichokijua? Hapo Sokrate amwita mtumwa mmoja wa Meno, kijana asiyepata shule. Achora chini mraba wenye upande wa futi 2, eneo lake 4. Auliza: mraba ulio mara mbili, wenye eneo la 8, upande wake utakuwa urefu gani? Kijana ajibu upesi: futi 4. Wahesabu, waona eneo ni 16. Ajaribu 3, waona ni 9. Sasa akiri kwamba hajui. Nyuma ya kukiri huko ndipo aanza kujifunza kweli, na kwa maswali tu afika kwenye ule mstari unaokata mraba kutoka pembe hata pembe. Mraba uliojengwa juu ya mstari huo una eneo la 8. Urefu wa mstari huo hauwezi kusemwa kwa hesabu kamili ya futi wala kwa sehemu zake. Kijana aweza tu kuuonyesha kwa kidole.

Je, hili ni somo la jeometria ao la maadili? Ni yote mawili. Plato hakutia jeometria kama chumvi ya kukolesha. Swali juu ya kujifunza wema lilihitaji mfano wa mtu anayejifunza mbele ya macho yetu, na jeometria ndiyo inayoonyesha hilo wazi kuliko elimu nyingine. Hapa ndipo twapata kanuni tuliyoitafuta: elimu mbili zaungana kwa kweli pale swali moja linapozihitaji zote mbili. Ratiba yaweza kuziweka jirani tu.

Tena mwalimu anayefundisha ukurasa huo sharti ajue jeometria kidogo na Kigriki kidogo. Kama mwalimu wa filozofia ataruka mraba akisema si kazi yake, mwanafunzi atajifunza kuruka naye. Chuo cha Annapolis kimelifahamu hilo kuliko vyuo vikubwa vyenye mali mara mia. Hiyo ndiyo sifa yake, nasi twaitoa pasipo kupunguza.

IV. Kiti kilichobaki wazi

Sasa lawama. Angalia tena yule kijana aliyesimama mbele ya mraba. Jina lake nani? Plato hatuambii. Mbele ya kuanza, Sokrate auliza juu yake kama ni Mgriki na asema Kigriki. Meno ajibu ndiyo, alizaliwa nyumbani mwake. Basi. Kijana athibitisha kwamba akili yake yaweza kufikia ukweli kama akili ya bwana wake, tena upesi na kwa unyenyekevu kuliko bwana wake. Kisha aachwa, na mazungumzo yaendelea pasipo yeye. Hakuna mtu anayeuliza: kama yuko hivyo, kwa nini ni mtumwa?

Tukumbuke kitabu hiki chasomwa wapi. Annapolis ni mji mkuu wa Maryland. Katika jimbo hilo watu weusi waliuzwa na kununuliwa hata mwaka 1864. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko huko, na katika kitabu alichotoa mwaka 1845 aeleza namna bwana wake mjini Baltimore alivyomkataza mkewe kumfundisha kusoma, kwa sababu mtumwa ajuaye kusoma hatakubali tena kuwa mtumwa. Na katika chuo chenyewe, tangu masomo mapya yaanze mwaka 1937, vijana walisoma juu ya mtumwa anayejifunza jeometria, lakini mwanafunzi wa kwanza mweusi hakuingia mpaka mwaka 1948. Miaka 11 ule mraba ulichorwa ubaoni, na yule aliyepaswa kuusoma pamoja nao alikuwa nje ya mlango.

Tuwe wenye haki. Mwaka 1948 ulikuwa miaka 6 mbele ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1954 iliyokataza kutenga watoto weusi katika mashule ya serikali. Vyuo vingi vya kusini vilingoja kulazimishwa. Chuo hiki hakikungoja. Hatusemi basi kwamba kilikuwa kibaya kuliko vingine. Twasema kwamba mpango wake wa masomo ulikuwa na upungufu, na upungufu huo haukuponywa kwa kufungua mlango tu.

Upungufu ni huu: historia haina pahali pake. Ni kweli, wanafunzi husoma Herodoto na Thucydides. Lakini huwasoma kama wanavyosoma Homero: kitabu mezani, na swali. Hawafundishwi kuchungua wakati wa kitabu, watu waliokizunguka, nani alikilipia, nani hakutajwa ndani yake. Chuo kina jibu lake, nalo si jibu dogo. Chasema: kijana akipewa kwanza maelezo ya wataalamu, hatasoma tena kitabu, atasoma maelezo. Atajua kumweka Plato katika karne yake, naye hatamruhusu Plato amwulize yeye neno. Kila mwalimu aliyesahihisha mitihani ajua kwamba hatari hiyo ipo.

Lakini tuijaribu kanuni hiyo juu ya Meno yenyewe. Kijana huyo anayeuliza kama wema hufundishwa ni nani? Xenofoni, aliyemjua vitani, atuambia kwamba Meno alikuwa mtu wa tamaa ya mali na wa hila, asiyeona haya kudanganya rafiki zake. Wasomaji wa kwanza wa Plato walilijua jina hilo. Waliposikia Meno akiuliza juu ya wema, walisikia mchezo mchungu ambao sisi hatuusikii. Na Anytus, anayeingia mwishoni mwa kitabu na kumwonya Sokrate achunge ulimi wake, ndiye mmoja wa wale waliomshitaki Sokrate hata akauawa mwaka 399 mbele ya Kristo. Msomaji asiyejua hayo ashika kitabu nusu.

Tena shahidi wetu atoka ndani ya nyumba. Jacob Klein, mwalimu mkubwa wa chuo hicho na dekano wake tangu 1949 hata 1958, alitoa mwaka 1965 kitabu kizima cha kueleza Meno. Je, alikataa kuuliza watu wa zamani walijua nini juu ya Meno? Hapana. Alizipima habari zao. Kile alichokitumia mwalimu kwa faida yake, kwa nini mwanafunzi anyimwe?

Mtakatifu John Henry Newman, katika mafundisho aliyoyaanza mjini Dublin mwaka 1852 juu ya chuo kikuu, alitoa sheria moja yenye kufaa hapa. Alisema juu ya teolojia, lakini sheria ni ya wote: ukiondoa elimu moja katika mzunguko wa elimu, nafasi yake haibaki wazi, elimu nyingine huingia na kujifanya zaweza kutenda kazi isiyo yao. Annapolis waliondoa historia. Nini kiliingia pahali pake? Kiliingia wazo kwamba vitabu vikubwa havina mwaka wala inchi, kwamba Homero na Einstein wanaketi mezani pamoja kama jirani. Na kwa kuwa vitabu vilivyochaguliwa vilikuwa karibu vyote vya Ulaya na vya Marekani, mazungumzo ya sehemu moja ya dunia yalianza kuitwa mazungumzo ya binadamu.

Chuo chenyewe kimeona neno hilo, angalau kwa sehemu. Douglass na W. E. B. Du Bois wamo sasa katika vitabu vya wanafunzi. Mjini Santa Fe kuna masomo ya shahada ya pili ambamo husomwa vitabu vya Wahindi, vya Wachina na vya Wajapani, pamoja na Kisanskriti ao Kichina cha kale. Ni vizuri. Lakini kuongeza vitabu si kuongeza swali. Ukimtia Douglass katika orodha, kisha ukamsoma pasipo kuuliza juu ya Maryland, umeongeza jina, hukuongeza historia. Anayemsoma Douglass kwa kweli, siku ileile atamrudia Meno na kumtafuta yule kijana asiye na jina.

Neno la mwisho juu ya chuo ni la mali. Waalimu wawili kwa wanafunzi 20 ni jambo ghali. Mwaka 2018 chuo kilitangaza kwamba kitapunguza ada ya masomo kutoka zaidi ya dola 52.000 kwa mwaka mpaka 35.000. Lilikuwa tendo jema na la nadra. Hata hivyo dola 35.000 zilikuwa bado mlango mwembamba kwa mtoto wa maskini.

V. Tutwae nini?

Wengine watasema: mambo ya Annapolis yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa sababu Kanisa limetuagiza kazi iyo hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika dekreto Optatam totius ya mwaka 1965, namba 14, ulitaka filozofia na teolojia zipatanishwe vizuri zaidi, zielekee pamoja kufungua akili za waseminari kwa fumbo la Kristo. Papa Fransisko, katika Veritatis gaudium ya mwisho wa mwaka 2017, alitia ushirikiano wa elimu kati ya kanuni 4 za kutengeneza upya masomo ya Kanisa. Akaonya juu ya namna dhaifu ya ushirikiano huo, ambapo elimu nyingi zatazama kitu kimoja, kila moja kutoka upande wake. Ni wale waalimu watatu tuliowataja, wanaopishana mlangoni.

Hatushauri seminari zetu zifute idara zake. Padri ana deni mbele ya watu: sharti ajue sheria ya Kanisa, liturujia, maadili, kwa mpango na kwa utaratibu. Kuzungumza kuzunguka meza peke yake hakutamfundisha hayo. Lakini kuna mambo matatu tunayoweza kuyatwaa, na hakuna moja linalohitaji dola.

La kwanza: mwalimu akubali kuonekana akijifunza. Mara moja kwa mwezi, mwalimu wa Maandiko, mwalimu wa filozofia na mwalimu wa historia waketi pamoja na wanafunzi mbele ya kitabu kimoja kifupi. Kitabu chaweza kuwa sura moja ya Maungamo ya Agostino, Mwafrika wa Thagaste, inchi inayoitwa leo Algeria. Mmoja aulize, wengine wawili wasijibu upesi. Wanafunzi wakiona profesa wa filozofia akimwuliza profesa wa historia jambo asilolijua kweli, wamejifunza umoja wa elimu kuliko kwa hotuba kumi juu ya umoja wa elimu.

La pili: tutafsiri. Hapa sisi ni matajiri kuliko Annapolis. Mwanafunzi wao ana Kiingereza, na Kigriki cha miaka 2. Mseminari wetu amesoma kwa Kifransa, asali kwa Kiswahili, alilelewa kwa Kibemba, Kiluba, Mashi ao Kinande. Apewe neno moja, kama vile roho, nafsi, dhamiri, ao lile neno aretê, alipitishe katika lugha zake zote, aseme linapata nini na linapoteza nini katika kila moja. Katekista naye aweza kufanya kazi hiyo, tena mara nyingi aifanya kila juma mbele ya watu, pasipo mtu kumwambia kwamba anafanya filozofia.

La tatu: tusisome kitabu chochote pasipo kuuliza juu ya yule asiyetajwa jina. Hili ndilo Annapolis walilolikosa, na laweza kutukosa sisi pia. Katika historia zetu za misioni tunajua majina ya waanzilishi na tarehe walizofika. Nani alibeba masanduku? Nani aliwafundisha lugha, na kuwapa maneno waliyoyaandika katika katekisimu za kwanza? Wale wasaidizi wengi hawana jina katika vitabu, kama yule kijana wa Meno. Lakini masomo yote tunayosoma leo kwa Kiswahili yamesimama juu ya vinywa vyao.

Basi hukumu yetu ni hii. Chuo cha St. John's kimepata lililo gumu, yaani waalimu wasioona haya kuwa wanafunzi, na hilo lastahili kufuatwa. Kimekosa lililo la lazima, yaani kuuliza kila kitabu kimetoka wapi na kimemwacha nani nje, na hilo tusilifuate. Masomo ya jumla yasiyomjua mtumwa wa Meno kwa jina lake, ao yasiyoona uchungu kwamba jina lake limepotea, hayajawa ya jumla bado.